Mawe ya Bi Mkubwa

Bi Mkubwa alikuwa kuku. Hili lisemwe mapema, maana mtaa ule wa Geita ulikuwa na wake wenza wa kutosha, na mgeni angemsikia Mwahija akilalamika kwamba Bi Mkubwa hajala tangu jana angeanza kujiuliza mke wa kwanza wa Ibrahimu amefichwa chumba gani. Hakukuwa na mke wa kwanza. Kulikuwa na chumba na ukumbi vya kupanga, mume aliyeshinda machimboni na kurudi nyumbani akikumbuka, binti mmoja, Samia, aliyekuwa shule ya bweni Shinyanga, na mama mkwe aliyepooza upande wa kulia. Na kulikuwa na kuku wa kishingo, mwenye madoa, aliyeshinda mapajani mwa mama mkwe kutwa nzima.

Jina alipewa na Mwahija, na hakumpa kwa mapenzi. Kiharusi kilipompiga yule mama kilimnyang'anya Kiswahili chote. Kilimbakishia vijineno vya Kizinza cha kwao Biharamulo, na hivyo vichache vilivyobaki alimpa kuku. Mwahija, mzaliwa wa Pangani, alikuwa akisikia minong'ono ile kutoka jikoni, laini, ya kubembeleza. Akiingia na bakuli la uji, minong'ono inakatika. Mama mkwe anafumbua kinywa, anakula, anafumba. Mwahija ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamfulia nguo zake na kumkata kucha, na maneno yote yakaenda kwa kuku. Nani basi alikuwa mkubwa nyumba ile? Liliuma, na Mwahija alikuwa na desturi ya kulifanyia mzaha jambo linalomuuma.

"Haya, Bi Mkubwa," humwambia kuku akipita na ndoo, "mimi mdogo napita."

Asubuhi moja alikuwa uani anafua, ushungi ameufunga fundo kwa kuwa pini yake ilipotea na hajui ilipoangukia. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha kamba. Mara akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mama huyo, kubwa, ya kuita mtu.

"Mawe."

Mwahija aligeuka. Mama mkwe alikuwa amemnyanyua kuku kwa mkono wake mzima, macho yamemtoka. "Mawe," akasema tena. "Mawe."

Kuku alikuwa ameinamisha kichwa, mdomo wazi. Chini ya ile shingo isiyo na manyoya, pale kwenye gole, ule mfuko wa kuhifadhia chakula, palivimba kama ndimu. Mwahija akapagusa kwa kidole. Pagumu.

Pembeni ya ua, Edson alikuwa anapiga mswaki. Edson alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, kijana wa Kisukuma kutoka Ibadakuli, anayefanya kazi kwenye karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Kando ya ukuta alirundika viroba vya marudio, yaani ule mchanga mweusi uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ambao wenyewe huurudia kuuosha mara ya pili na ya tatu wakiamini dhahabu haijaisha. Viroba vilikuwa vimechakaa, vinatoka nyuzi, na Bi Mkubwa hakuwa na mahali pengine pa kuchakura.

Edson akatema povu. "Mama Samia, mama amesema nini?"

"Amesema mawe."

"Nami nimesikia hivyo hivyo," akasema Edson, na mswaki akautia mfukoni na dawa yake.

Sasa, mahali pengine mtu akisema kuku ana mawe, watu watasema ni kawaida, kuku wote humeza vijiwe. Lakini Geita mawe si mawe. Ukisema fulani ametoa mawe, hutaki kusema kwamba ameokota kokoto. Unataka kusema amefikia mwamba wenye mali na kesho utamwona na pikipiki mpya. Neno hilo likitamkwa, hata mtu aliyelala hujigeuza. Na lilikuwa limetamkwa na mgonjwa ambaye mtaa mzima ulijua kwamba hajasema Kiswahili tangu aanguke.

"Mtu wa namna hiyo hadanganyi," Edson aliwaeleza wenzake kwenye karasha. "Mungu amemfungua kinywa kwa neno moja tu."

*

Kufikia adhuhuri watu walikuwa wameanza kuja. Walikuja kumjulia hali mgonjwa, watu ambao tangu mgonjwa augue hawakuwahi kumjulia hali. Loveness wa mgahawani alileta ndizi. Aliketi, akasema shikamoo mama, hakujibiwa, akasema pole mama, hakujibiwa, na muda wote huo alikuwa anamtazama kuku.

"Na huyu naye anaumwa?" akauliza, kama mtu aliyemwona sasa hivi.

"Gole limekaza," akasema Mwahija. "Nimempa mafuta ya alizeti kijiko kimoja, nimemsugua. Nasikia yanalainisha."

"Usimsugue sana, dada. Vitu vikishuka chini vikatoka nje, nani atajua vimetokea wapi?"

Mwahija alicheka, lakini baadaye alipokwenda kutupa uchafu wa kuku alijikuta ameinama na kijiti anachokorachokora. Alijiona, akaona aibu, akaendelea kuchokoa. Alitaka kujua. Tangu aje Geita alikuwa anasikia habari za kuku waliochinjwa wakakutwa na chembe za dhahabu ndani ya firigisi, na kila mara aliyesimulia hakuwa yeye aliyechinja. Kwa nini isiwe kweli mara moja? Bati la ukumbini lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha mgonjwa. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba asiyeridhika na bati ahame.

Alasiri akaja Ngusa, rafiki wa Edson, amebeba detekta begani, ile mashine ya fimbo ndefu na sahani chini ambayo wachimbaji hupitisha juu ya ardhi kusikiliza kama kuna madini. Alimwamkia mama mkwe kwa adabu zote, akipiga goti.

"Mama, naomba ruhusa nimpime kuku wako."

Mama mkwe alimtazama, kisha akamtazama Mwahija. "Mawe," akasema kwa sauti ya chini.

"Ruhusa imetolewa," akasema Edson.

Waliokuwa uani walikuwa kama kumi na wengine ukutani. Ngusa alivaa vifaa vya masikioni, akavivua tena ili na wengine wasikie. Akapitisha sahani juu ya magoti ya bibi, kimya. Akaipitisha juu ya mkia wa kuku, kimya. Ilipofika shingoni ikalia, mlio mwembamba wa kuchoma sikio. Bi Mkubwa akapepesa macho.

Ngusa akarudia. Ikalia palepale.

"Mimi nisikilizwe," akasema Edson hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mwenye shauri. "Kuku ni wa mama, sikatai. Lakini kilichomo amekula kwenye viroba vyangu. Haki ni haki."

"Viroba vyako viko kwenye ua wa nani?" akauliza Mwahija.

"Tunapanga wote, Mama Samia."

"Basi mngoje mwenye nyumba aje adai na yeye."

Watu wakacheka, lakini hawakuondoka. Edson akasogea karibu, akainamisha sauti. Alikuwa kijana mwema, ndiye aliyemsaidia kumbeba mama mkwe siku ile alipoanguka, na kwa hiyo maneno yake yalikuwa mazito zaidi. "Shemeji, kuku huyu hafiki keshokutwa. Akifa amekufa tu. Tumchinje leo, tugawane sawa, nami nitamnunulia mama kuku watatu wa kishingo kama huyu. Wanne."



*

Ibrahimu alikuwa akipanda juu ya kichuguu kimoja huko machimboni jioni jioni ili apate mtandao. Simu iliita, sauti ikawa inakuja na kupotea.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Ila leo amesema neno la Kiswahili."

"Neno gani?"

"Mawe. Kuku wake anaumwa, gole limevimba, naye anasema mawe, mawe. Na Ngusa ameleta detekta, imelia."

Kimya kikawa kirefu mpaka Mwahija akadhani laini imekatika. Kumbe mume wake alikuwa anashuka kichuguu na kupanda kingine ili wenzake wasisikie.

"Imelia wapi?"

"Shingoni."

"Mwahija, sikiliza vizuri. Mchinje sasa hivi, kabla hao watu hawajakuzunguka. Gole na firigisi usifungue, tia kwenye kikombe, funika, weka chini ya godoro la mama. Naja kesho asubuhi."

"Na mama je?"

"Mama tutamnunulia wengine."

"Ibra, huyu ndiye anayezungumza naye."

"Ni kuku, Mwahija." Sauti yake ilikuwa na njaa. Kwenye shimo lao walikuwa wanachimba tangu masika bila kuona kitu, na kila walipokutana alikuwa amekonda zaidi. Mwahija alimwonea huruma, akamwonea na hasira. "Fanya ninavyokwambia. Mara moja tu katika maisha yetu."

Alichukua kisu jikoni, akakinoa kwenye sakafu. Kwao Pangani mwanamke hachinji, hutafuta mwanamume wa kumchinjia. Si sheria, ni mazoea tu. Lakini jioni ile kumwita mwanamume ilikuwa sawa na kuuita mtaa, kwa hiyo aliazimia kufanya mwenyewe. Akakificha kisu ndani ya khanga, akaingia ukumbini.

Mama mkwe alikuwa kitandani, ameegemezwa mto, kuku kwenye mkono wa kushoto. Hakuwa ananong'ona. Alipomwona Mwahija uso wake ulilegea, upande mmoja kama kawaida, lakini ulilegea. Mwahija alijiandaa kwa ugomvi. Alijua yule mama akishika kitu hakiachi, hata kijiko huwa lazima umbembeleze. Akanyoosha mkono wake mmoja.

Mama mkwe akampa kuku. Hakusita hata kidogo. Alimsukuma kabisa kifuani kwa Mwahija, akampapasa Mwahija mkono, mara mbili, kama mtu anayekabidhi.

"Mawe," akasema.

Mwahija alisimama na kuku upande mmoja na kisu upande wa pili. Bi Mkubwa alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, mwenye joto, moyo unampiga kwa kasi chini ya mbawa. Hakuwahi kumbeba. Alijisikia mwizi. Mtu anakukabidhi kitu chake cha pekee umtibie, na wewe una kisu kwenye khanga. Alitoka nje, akakirudisha kisu jikoni chini ya masufuria yote, akaketi na kuku usiku ulipoingia, akimsugua gole taratibu kutoka juu kwenda chini na kumsemesha Kiswahili cha kwao kwa kuwa hakujua kingine.

*

Kulipokucha akamwita Esta, afisa mifugo wa kata. Esta alikuja na pikipiki na kijisanduku, akakuta ua umejaa kama penye mkutano. Hakuuliza kuna nini. Alimwamkia bibi, akamgeuza kuku, akambonyeza gole, akamnusa mdomo.

"Limeziba. Hakipiti kitu. Mafuta hayatoshi tena," akasema. "Inabidi nilipasue."

"Ndicho tulichosema," akasema Edson.

"Nyie mlisema kumchinja. Mimi nasema nipasue gole, nitoe kilichomo, nishone. Naomba maji ya moto na khanga safi. Na mtu mmoja amshike."

"Atapona?" akauliza Mwahija.

"Wengine hupona. Sikuahidi."

Mwahija akamshika. Esta alimchoma sindano ya ganzi, akafuta ngozi kwa spiriti, akaipasua kwa mkato mfupi kuliko kidole. Watu wakasogea mpaka Esta akawaambia wanamzibia mwanga. Mlangoni, mama mkwe alikuwa amefumba macho.

Kwanza zilitoka nyuzi. Nyuzi za viroba, moja juu ya nyingine, zimesokotana na majani makavu mpaka zikawa donge la kunuka. Esta alivuta, na donge likaja na mchanga mweusi. Ngusa akapiga magoti. Edson alikuwa tayari na karai la maji, na hakuna aliyemkataza, hata Mwahija hakumkataza, maana hata yeye shingo ilikuwa imemrefuka. Edson alilitia donge lile kwenye karai, akalifikicha, akaanza kuyazungusha maji polepole kama wafanyavyo mwaloni wanakooshea dhahabu, mchanga mwepesi unamwagika ukingoni, mzito unabaki. Ua mzima ukapumua pamoja naye. Kitu kikametameta.

Edson akakiokota, akakiweka kiganjani, akakitazama kwa muda mrefu mno.

"Ni nini?" akauliza Loveness kutoka nyuma.

"Ni pini," akasema Edson.

Ilikuwa pini ya ushungi, yenye kichwa cha lulu ya plastiki, imeota kutu nusu. Mwahija aliitambua. Alitaka kucheka na hakuweza, maana macho yote yalikuwa yamemgeukia yeye kana kwamba ndiye aliyewapotezea dhahabu.

"Karai liko tupu?" akauliza Ngusa.

"Tupu."

"Zungusha tena."

Akazungusha tena. Halafu Ngusa akazungusha. Wakati wanazungusha, Esta alikuwa anashona, mshono wa ndani na mshono wa nje, bila kuinua uso. Alipomaliza ndipo akasema na Edson. "Viroba hivi viondoe leo. Mmeoshea zebaki humu, na kuku anachakura, na watu wanaanika nguo. Mama Samia, mayai yake msile mpaka nitakapowaambia. Chakula ni uji mwepesi, kidogo kidogo."

"Vitaondoka, dokta," akasema Edson. Alikuwa mnyonge. Watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja, bila kuaga, na Loveness alipitia mezani akachukua zile ndizi mbili zilizobaki. Edson alibaki mwisho. Aliifuta ile pini kwa shati lake, akampa Mwahija. "Samahani, shemeji. Lakini mama alisema mawe. Wewe ulisikia."

"Nilisikia."

"Sasa mawe gani?"

Hilo ndilo hata Mwahija alitaka kujua.

*

Ibrahimu aliingia kabla ya adhana ya adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope. Alimwona kuku amelala kwenye beseni, bandeji shingoni, yu hai. Hakusalimia mtu.

"Yako wapi?"

Mwahija akamwonyesha pini kwenye kifuniko cha chupa. Ibrahimu akaitazama, akaigeuza kwa ukucha. Kisha akakaa kwenye kizingiti akaweka uso kwenye mikono. Mwahija hakumsema, ingawa alikuwa na mengi ya kumsema, na usingizi hakupata. Alichota uji wa mama mkwe, akakatiza ukumbini nao.

"Mawe," akasema mama mkwe alipomwona.

Ibrahimu akainua uso. "Amesemaje?"

"Si ndiyo hayo mawe yako."

"Mama," akasema Ibrahimu. "Rudia."

Mama mkwe hakumtazama. Alikuwa anamtazama mwenye bakuli. Alirudia taratibu, midomo yake inapambana na upande uliokufa, na safari hii Mwahija alisikia kwamba ile sauti ya kwanza ilikuwa ndefu, imevutwa.

Ibrahimu alijifuta uso kwa kiganja, vumbi likawa tope. "Hasemi mawe," akasema. "Anasema maawe. Kizinza hicho. Jana ungenipa yeye kwenye simu ningejua. Au labda nisingejua. Niko mashimoni miaka mingi, nami nikasikia mawe tu."

"Maawe ni nini?"

"Mama. Mama yangu."

Mwahija alimtazama kuku kwenye beseni. Kwa hiyo ndivyo anavyomwita. Ile hali ya zamani ya kuumia ilimrudia, akaifanyia mzaha kama kawaida. "Basi nimekosea jina. Si Bi Mkubwa, ni mama mkwe wangu wa pili."

"Kuku ni enkoko," akasema Ibrahimu. Hakucheka. "Hakuna Mzinza anayemwita kuku maawe. Mimi nimelisikia neno hilo kinywani mwake alipokuwa anamwita bibi yangu, mama yake, siku zile mama anaumwa na bibi anamuuguza. Jana alikuwa anaita mtu amsaidie. Anakuita wewe, Mwahija. Mimi mwenyewe nimeingia hapa, hajaniita kitu."

Uji ulikuwa unapoa. Mwahija alikumbuka mkono ule, mara mbili juu ya mkono wake, na kisu ndani ya khanga. Alisimama palepale, hajui afanye nini na bakuli. Kwao alifundishwa tangu utoto kwamba mama mkwe akikuita unaitika abee, tena kwa kuinama, na miaka yote ya ndoa alikuwa na abee yake tayari ambayo hakuna aliyewahi kuihitaji. Lakini anayekuita mama haitikiwi hivyo.

"Maawe," akasema mama mkwe, kwa wasiwasi sasa, akinyoosha mkono wa kushoto.

Mwahija akaweka bakuli chini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Nipo, mwanangu," akasema.